Daktari wa Wazazi na Madobi Wake

Kila mwanamke aliyeingia wodi ya wazazi kujifungua, daktari yule alimpokea kwa shikamoo. Hakujali umri. Binti aliyevunja ungo juzijuzi, mama wa mimba ya mwisho mwenye mvi, mke wa muuza samli wa mjini, mke wa mrina asali kutoka misitu ya Sikonge, wote aliwainamia kidogo, mikono nyuma, akasema, "Shikamoo, mama." Wengine walidhani anawadhihaki. Mmoja, uchungu umemshika barabara, alimwambia, "Baba, usinichekeshe, nitapasuka." Naye akamjibu, "Leo wewe ni mkubwa kuliko mimi. Itikia, tuendelee na kazi."

Wanaume hakuwaamkia. Mwanamume angesema shikamoo, au mwangaluka ya Kinyamwezi, au salaam aleikum kwa wale wa mjini, yeye angemtazama usoni na kumuuliza, "Uchungu ulianza lini?" Salamu ilining'inia hapo mpaka swali lijibiwe. Jibu likiwa baya, haikuitikiwa kabisa.

Nilimjua miaka mingi: kwanza nikiwa mgonjwa wake, baadaye mhudumu wa wodi, mwishowe mkunga niliyefunzwa na mikono yake. Ukoo wake sikuuliza. Enzi zile za Mwingereza, Mwafrika aliyekuwa daktari kamili alikuwa jambo la kutazamwa pale Tabora. Watu walitoka barazani kumwangalia akipita na baiskeli yake. Mafundi na wafanyabiashara Waislamu wa mjini walimwita Daktari wa Wazazi. Wakulima Wakristo wa vijijini wakamwita hivyohivyo. Nami nitamwita hivyo, au Daktari tu.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, masikio madogo kama ya mtoto. Kucha alizikata kila asubuhi kwa wembe, akizitazama kama mtu anayenoa kisu. Chai alikunywa kwa asali, sukari hakuitaka. Kila masika alimpelekea baba yake blanketi kijijini. Mikono yake ilikuwa mipole ajabu, na mdomo wake ulikuwa mchungu kama mwarobaini. Muuguzi mmoja alimpiga mzazi kofi la paja kwa sababu anapiga kelele. Daktari akamtoa nje mbele yetu sote. "Humu ndani anayeruhusiwa kupiga kelele ni mmoja tu," akamwambia, "na si wewe." Muuguzi yule alirudi baada ya siku kadhaa, na akawa mpole kuliko sisi wote, lakini Daktari hakumpa tena kisu wala mkasi ashike. Hakusahau. Hilo ndilo ninalotaka mlijue kwanza kuhusu mtu huyu: hakusahau.

Kanisani alikaa benchi la nyuma. Nilikaa karibu naye mara nyingi, nikamwona. Sala ya Baba Yetu aliisema kwa sauti nzito, nzuri, mpaka ilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo. Watu wakiendelea yeye alitazama mbele, kisha akaingia tena kwenye vishawishi na mengine. Siku moja nikamuuliza, "Daktari, mbona unaruka?" Akasema, "Sipendi kumdanganya Mungu nyumbani kwake."

Wazungu walikuwa na wodi yao, na yeye hakuruhusiwa kuigusa. Ikatokea mke wa ofisa mmoja akajifungua nyumbani kwake na damu ikakataa kukata, na mganga mkuu, ambaye alikuwa Mzungu, yuko safarini. Wakamwita Daktari, lakini wakampitisha mlango wa jikoni ili wageni waliokaa ukumbini wasimwone. Akaingia, akafanya kazi yake, yule mama akapona. Alipomaliza mtumishi akamwonyesha tena mlango wa jikoni. Daktari akapita katikati ya ukumbi, aproni imelowa damu toka kifuani hadi magotini, akawaambia wageni habari za asubuhi, mmoja mmoja, akatoka kwa mlango wa mbele. Mtumishi yule alisimulia habari hiyo sokoni mpaka sauti ikamkauka. Sisi wodini tulimuuliza kama ni kweli. "Niliingia kama mpishi," akasema. "Kutoka nilitoka kama daktari."

Sasa niseme nilivyofika mikononi mwake.

Niliolewa Lusu, upande wa Nzega, kwa watu wa mtama na ng'ombe. Mimba yangu ya kwanza ilipofika wakati wake, uchungu ulinishika asubuhi nikiwa napepeta, na mtoto hakutoka. Kule, na si kule tu, uchungu ukirefuka watu waliacha kutazama tumbo wakaanza kutazama mwenendo. Walisema mtoto amefungwa na siri: mama ametoka nje ya ndoa, na mpaka amtaje huyo mwanamume, njia haitafunguka. Baba mkwe akaletewa kigoda mlangoni. Mama mkwe akanishika mabega.

"Taja," mzee akasema.

Sikuwa na wa kumtaja.

"Taja, uokoe mtoto."

Jua likazama, likachomoza. Mzee alikwenda kula, akarudi, akakaa. Mume wangu alikuwa uani, nikimsikia akikwangua ukuta kwa kucha. Nilimwita kwa jina lake. Hakuingia. Walipochoka kuuliza, lori la mnunuzi wa pamba lilikuwa linapita kwenda Tabora, wakanipakia juu ya marobota kama mzigo uliokosa mwenyewe. Njia ile ndiyo iliyopitwa zamani na wapagazi wa misafara, wakiacha njiani mwenzao asiyeweza tena kutembea. Nililala chali nikitazama mawingu, nikafikiri kwamba hata mimi nimeachwa, ila kwa gari.

"Shikamoo, mama," akaniambia yule mtu mfupi. Sikuitikia. Akaweka tumboni pangu kile kidude cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akainamisha sikio, akasikiliza muda mrefu. Kisha akakiondoa taratibu.

"Mtoto ametangulia," akasema. "Wewe sitakuacha uende."

Alipomtoa mwanangu alimfunga kitambaa cheupe, akanipa nimwone. Alikuwa wa kiume, mkubwa. Halafu akavuta stuli, akakaa, akasema, "Nyonga yako nyembamba, mtoto alikuwa mnene. Basi. Hakuna kingine. Nyonga haina siri." Hapo ndipo nilipolia. Kumbe nilikuwa nimeshaanza kujitafutia kosa.

Niliumia ndani, mkojo ukawa unatoka wenyewe. Alinishona. Uzi haukushika, akasubiri nipate nguvu, akanishona tena. Miezi yote ile hakuja mtu kutoka Lusu kuniuliza hali. Nilipopona Daktari akaniuliza, "Binti, unataka nini sasa?" Alidhani nitasema nauli.

Nikasema, "Nataka waione damu ile."

 Nilipewa kazi ya kufagia wodi, na haukupita muda fundi cherehani mmoja wa mjini akamleta mkewe, naye ameshikiliwa nyumbani akiambiwa ataje. Mama alipona, mtoto naye akalia baada ya kupuliziwa pumzi mdomoni. Fundi alikuwa kibarazani, kanzu nyeupe, kofia ya mkono. Daktari akatoka na shuka za kitanda cha kujifungulia, zimelowa damu, zimekunjwa mikononi.

"Uchungu ulianza lini?"

"Juzi, Daktari. Wazee walikuwa wanazungumza naye."

"Walizungumza nini?"

Fundi akaivua kofia yake.

"Mkeo mzima. Mwanao mzima. Hizi ni zako." Akamwekea shuka mikononi, juu ya kanzu ile, akamwonyesha bomba la uani ambapo ndugu wa wagonjwa wote huja kuchota maji. "Zikitakata, utaingia kumwona."

Mimi ndiye niliyempa sabuni.

Alifua huku wanawake wenye ndoo wakimtazama. Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha bibi mmoja akasema, "Paka sabuni hapo pembeni, dobi, umepasahau," na uani wote ukaangua kicheko. Jina likashika. Kila mwanamume aliyemshikilia mkewe nyumbani ataje, alifua, na aliyefua aliitwa Dobi sokoni, msikitini, kanisani, kilabuni. Mganga mkuu alipita siku moja akamkuta mkulima tajiri wa tumbaku amepiga magoti bombani, akauliza ni nani. Daktari akamjibu kwamba ni dobi wa muda. Mzungu akasema vizuri sana, serikali haina fedha za kuajiri wengine, akaenda zake.

Mjue kwamba ilisaidia. Wanawake walianza kuletwa mapema, kwa baiskeli, kwa machela, kwa mkokoteni, na waume zao wakaja wametanguliza jibu midomoni: "Asubuhi hii, Daktari! Asubuhi hii hii!" Nasi tulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata mahali pengine. Daktari hakuwa mtu wa kucheka, lakini mwanamume akiinamia beseni, yeye alisimama dirishani na kikombe chake cha chai, akanywa taratibu.

Halafu akaja baba mkwe wangu.

Mume wangu alikuwa ameoa mke mwingine, na mke huyo naye mtoto hakutoka, na mzee akakaa tena kwenye kigoda chake. Safari hii mkwe wake wa kike alikuwa na kaka zake karibu. Walimchukua dada yao kwa nguvu wakamtia katika lori, na mzee akapanda nyuma ili asionekane amekataa. Nilimwona akishuka. Miguu ilikuwa imemvimba, fimbo mkononi. Mume wangu hakuja.

Daktari alimpasua yule binti. Mtoto alikuwa hai, wa kike, ana nywele nyingi. Daktari akaja kwangu na shuka.

"Mzee huyu ni wako," akasema. "Ukitaka aende zake, aende."

Nikazichukua nikatoka nje. Mzee alinitazama bila kunijua. Kwake nilikuwa gauni la hospitali tu.

"Mwangaluka, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kinyamwezi. "Mjukuu wangu vipi?"

"Uchungu ulianza lini?"

"Aa, mayu, mambo ya nyumbani hayo."

"Mzee, uchungu ulianza lini?"

Akanitazama vizuri. Niliona anavyonitambua, kuanzia machoni, kushuka mpaka mdomoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Walituambia umekufa."

"Alikufa mjukuu wako. Mimi hapa. Shika."

"Mwanangu, mimi mzee. Mgongo wangu."

"Bomba lile pale."

Alifua. Alichukua muda mrefu kwa kuwa hakujua; nadhani hakuwahi kufua hata kitambaa cha kufutia jasho. Maji yakawa mekundu, nikayamwaga, nikamletea mengine. Watu wamezoea kusema kwamba kisasi ukikipata hakina ladha. Mimi nilikipata na kilikuwa kitamu. Nilichotamani ni shuka ziwe nyingi zaidi.

Sasa nifike Itetemia, ingawa ningependa kuipita.

Itetemia ipo pembeni mwa mji, mashamba na nyumba chache. Seremala wa reli aliishi huko na mkewe. Mke alishikwa na uchungu, siku ikapita, mtoto bado. Hakuna aliyemwambia ataje. Mama yake alimpa majani ya kutafuna, wakangoja. Lakini seremala alijua swali litakalomngoja kibarazani, na alijua kwamba jibu lake halitaaminiwa. Akaogopa kuwa Dobi mbele ya wenzake wa karakana. Akasema wangoje kidogo, huenda mtoto atatoka mwenyewe. Mfuko wa uzazi ukapasuka. Alipomleta juu ya mkokoteni, mchana jua likiwa kichwani, mke na mtoto wote walikuwa wameshakwenda.

Daktari akatoka. Seremala akanyoosha mikono yake miwili mbele.

"Nipe hizo shuka," akasema. "Nipe sasa. Jana nilikuogopa wewe."

 Daktari alisimama, mikono nyuma kama anavyosimama mbele ya wazazi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Seremala hakuitikia. Alikaa chini pale pale, vumbini, mikono bado imenyooka.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamume aliyepewa shuka. Daktari alianza kuwaamkia wanaume wote, wema na wabaya, akiuliza swali lake kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeuliza bei ya mtama. Mimi nilikasirika. Nilimfuata chumbani kwake, nikafunga mlango.

"Umewaachia," nikasema.

"Nimemuua mwanamke, binti."

"Ameuawa na woga wa mumewe."

"Na woga huo aliupanda nani?"

"Na mwanangu mimi nani alimuua? Wamewaua wangapi, Daktari, kabla hujamkabidhi mtu shuka hata moja?"

Akaniashiria nikae. Nikakataa. Basi akazungumza huku nimesimama, akitazama kucha zake.

"Dada yangu alirudi nyumbani kwetu kujifungua. Mtoto hakutoka. Wakamwambia ataje. Akataja mtu, wakasema bado, taja mwingine. Akataja mwingine. Akataja kila mwanamume aliyewahi kumpa maji njiani. Majina yakamwishia. Mimi nilikuwa mtoto, nafika kiunoni mwake, nimesimama mlangoni nikimwangalia. Akanitaja mimi."

Nikakaa.

"Alikufa jioni yake. Aliyekuwa akiuliza maswali alikuwa baba yetu."

"Baba yako huyu?" nikasema. "Huyu unayempelekea blanketi kila masika?"

"Huyu huyu. Nataka aishi. Bado sijapata la kumwambia." Akanyanyua macho. "Kisasi ninacho, binti, usidhani nimekitupa. Lakini hiki cha hapa kimelipwa na mwanamke wa Itetemia, ambaye hakunikosea kitu. Hakitalipwa na mwanamke mwingine."

Nilitoka bila kuaga. Kwa muda tulizungumza ya kazi tu: lete uzi, washa taa, mshike mguu. Alinifunza ukunga katika kipindi hicho hicho, akiwa mkali kuliko kwa wengine, nami nikajifunza kwa hasira, na hasira ni mwalimu mzuri. Kisha akapewa uhamisho kwenda kusini. Siku ya kuondoka aliwaaga wazazi wote vitandani kwa shikamoo. Mimi aliniambia tu, "Kucha zako ndefu."

Miaka ikapita. Nilikuja kumwona tena karibu na Uhuru, stesheni ya Tabora, ambapo treni zinakutana na abiria hushuka kusubiri nyingine. Watu walikuwa wengi, bendi ya shule inafanya mazoezi mahali fulani, kila mtu anazungumza siasa. Nilikwenda kumpokea mgeni. Nikaona mabega yale mapana juu ya benchi. Amezeeka. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, ameushika kwa wa kushoto kama mtu anayemtuliza ndege.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba." Akanitazama. "Wanazaa salama?"

"Wengi. Wengine bado wanachelewa."

"Mkono huu haushiki kisu tena," akasema. "Wamenistaafisha. Natoka nyumbani kuzika."

"Nani?"

"Baba."

Nikampa pole kama inavyotakiwa. Akaipokea kama inavyotakiwa. Kisha akasema, bila kuulizwa, "Nimepata la kumwambia, lakini alikuwa ndani ya jeneza."

Akanisimulia. Makaburini, kabla ya kushusha, msemaji wa ukoo alisimama akatangaza, kama desturi ilivyo, kwamba mwenye neno na marehemu aseme, na asiyekuwa nalo amsamehe aende salama. Hapo watu hunyamaza, hata wenye neno hunyamaza. Daktari akasema, "Mimi ninalo."

Baba yake mdogo akamvuta shati. Akautoa mkono wa mzee yule kwa upole. Akasimulia habari ya dada yake mbele ya kijiji kizima, tangu uchungu ulipoanza mpaka jina la mwisho alilolitaja. Alimtaja dada kwa jina lake, ambalo nyumbani kwao lilikuwa halitamkwi. Msemaji wa ukoo akasema imetosha. Mwinjilisti akafungua kitabu akakifunga. Ndipo bibi kizee mmoja, aliyekuwa amekaa kwenye majani na wanawake wenzake, akainuka kwa kushika bega la jirani yake.

"Na mimi ninalo," akasema.

Akainuka mwingine.

"Walisema mpaka jua likaelekea magharibi," Daktari akaniambia. "Kila mmoja na kitanda chake, na kigoda chake mlangoni. Wanaume walisimama na majembe hawajui pa kuyaweka."

"Kisha ukamsamehe?"

Treni yake ikapiga honi. Akasimama, akachukua kikapu chake kwa mkono ule mzima.

"Udongo walitia wengine," akasema.

Nilimsindikiza mpaka mlango wa behewa, nikampandishia kikapu. Sikumwona tena.

Mzee wa Lusu, yule baba mkwe wangu, alikuwa bado hai mwaka ule. Tangu siku hiyo ya stesheni, kila mtu aliyetoka upande wa Nzega, mama wa kujifungua au mleta kuku sokoni, nilimuuliza habari za afya yake: anakula, analala, kifua hakimsumbui? Nilitaka habari ya kifo chake inifikie mapema, niwahi lori kabla hawajamshusha kaburini. Watu wakasema mkunga yule ana moyo wa huruma, walimtendea ubaya ule na bado anawaulizia.

Sikuwakatalia.